Joto na njia zake: maswali ambayo Mombasa huuliza kila Kaskazi

Kaskazi, ule upepo wa kaskazini-mashariki, ikishakolea, kati ya Januari na Machi, maswali ni yale yale: mabati, feni, slebu za zege, maji ya mtungi. Yamepangwa hapa kuanzia mepesi. Jambo moja litajirudia makusudi: kabla ya kutoa pesa kununua cha kupoza, jua kwanza joto linakufikia kwa njia gani, maana dawa ya njia moja haitibu nyingine.

## Ya msingi

Joto na halijoto si kitu kimoja?

La. Halijoto hueleza chembe za kitu zinatikisika kwa nguvu kiasi gani. Joto ni nishati inayohama kutoka penye halijoto ya juu kwenda penye halijoto ya chini. Cheche inayoruka kutoka kwenye makaa ina mamia ya nyuzi, lakini ikikuangukia mkononi hukudona tu ikazimika, kwa kuwa ni ndogo na haina nishati nyingi ya kukupa. Ndoo ya maji ya nyuzi 70 iko chini mno ya hapo, na ikikumwagikia safari ni ya hospitali.

Halijoto tunaipima kwa nyuzi za Selsiasi, joto kwa jouli. Kilo moja ya maji hutaka jouli kama 4,200 ili ipande nyuzi 1. Kilo moja ya alumini, yaani sufuria zetu, hutaka kama 900 tu. Tofauti hiyo itatufaa tukifika baharini.

Joto husafiri kwa njia ngapi?

Tatu, na zote ziko mbele ya jiko moja la makaa. Ukingo wa sufuria unapata moto ingawa hauyagusi makaa, kwa sababu kila chembe ya alumini inaitikisa jirani yake: huo ni mpitisho. Maji ya chini yakipata moto hutanuka, huwa mepesi, hupanda, na yaliyo baridi hushuka kushika nafasi: huo ni msafara. Nawe uliyekaa kando kwenye kibao unalihisi joto usoni, ingawa hewa ya moto inapanda juu wala haiji kwako: huo ni mnururisho. Mnururisho husafiri kama mwanga, hauhitaji hewa wala chuma, na ndiyo njia pekee ambayo jua linaweza kutufikia kupitia anga tupu.

Vitabu vya shule huishia hapo. Kwa mji wenye unyevu kama huu ningeongeza ukaukaji wa maji. Mwanafizikia hataihesabu kuwa njia ya nne, lakini ndiyo inayoamua kama utalala au utakesha.

Baridi huingia, au joto hutoka?

Joto hutoka. Vigae vya sakafuni na mkeka uliotandikwa juu yake vina halijoto sawa, hata kama nyayo zinakataa. Kigae hupitisha joto upesi, kwa hiyo hulinyonya kutoka mguuni. Mkeka umejaa hewa, huchukua kidogo. Ngozi ina nyuzi 33 hadi 35, kigae usiku labda 28, ndiyo maana mtu hujilaza sakafuni Machi. Baada ya muda kigae kilicho chini ya mgongo hupata moto naye, hapo ndipo anapoanza kubingirika akitafuta kingine.

## Jikoni

Mbona kitambaa kibichi huniunguza nikiepua sufuria, na kikavu hakiniunguzi?

Kinga hasa ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi za kitambaa, wala si pamba yenyewe. Kikilowa, maji hukaa mahali pa hewa, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Kwa hiyo joto hufika vidoleni kabla hujafika mezani. Epulia kitambaa kikavu, kilichokunjwa mara kadhaa.

Nikiongeza makaa, maharagwe yataiva upesi?

Yakishachemka, hapana. Hapa usawa wa bahari maji huchemka nyuzi 100 na hubaki hapo hapo hata ukirundika gunia zima. Moto wa ziada unageuza maji kuwa mvuke tu. Punguza makaa, funika, ngoja.

Nairobi, kwenye mwinuko wa mita kama 1,700, maji huchemka kati ya nyuzi 94 na 95, kwa hiyo maharagwe yale yale huchukua muda mrefu zaidi kuliko huku. Sufuria ya presha huyafikisha maji kwenye nyuzi kama 120, ndiyo siri yake yote.

Kwa nini wali hupaliwa makaa juu ya kifuniko?

Kwa sababu wali ukishakauka maji, msafara umekufa. Hakuna tena maji yanayozunguka kubeba joto kutoka chini kwenda juu, na punje zenyewe hupitisha joto polepole mno. Ukitegemea moto wa chini peke yake, chini panakuwa ukoko na juu panabaki na kiini.

Makaa juu ya kifuniko huleta joto kutoka upande wa pili. Kifuniko kikipata moto hunururisha kuelekea chini, na pia mvuke haupati mahali pa baridi pa kugeukia matone na kuurudia wali, ndipo punje za juu hukauka na kuachana. Mpishi wa shughuli akipika pilau hupunguza makaa ya chini kabla ya kupalia. Wapishi wachanga hulisahau hilo, na harufu huwatangaza hadi nyumba ya tatu.

Mvuke na maji yanayochemka vyote ni nyuzi 100. Mbona mvuke huchoma zaidi?

Gramu moja ya maji yanayochemka ikipoa hadi halijoto ya mwili hukuachia jouli kama 265. Gramu moja ya mvuke hukuachia kwanza jouli 2,260 kwa kule kugeuka maji tu juu ya ngozi, kisha zile 265. Funua sufuria kwa kuinua upande ulio mbali nawe.

Jiko la udongo linaokoaje makaa?

Jiko la bati tupu hupoteza joto ubavuni, kwa mpitisho na mnururisho. Utaligundua hilo ukipitisha mguu karibu. Majiko yaliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980 yana bitana ya udongo uliochomwa ndani ya bati, na udongo hupitisha joto kidogo sana kuliko chuma. Bitana ikipasuka na kumomonyoka, umerudi kwenye jiko la bati.

## Nyumbani

Chumba cha mabati kinanichoma hata nikifungua madirisha yote. Tatizo ni nini?

Tatizo ni mnururisho, na dirisha haliuzuii. Jua la mchana mweupe huleta karibu wati 1,000 kwa kila mita mraba, na mabati yaliyochakaa yanaweza kupita nyuzi 60. Yakifika huko, yanakumulika kwa mwanga usioonekana.

Fanya jaribio hili saa saba mchana. Simama katikati ya chumba, kisha shika kipande cha kadibodi juu ya utosi bila kukigusisha kichwani. Ukihisi nafuu papo hapo, basi ujue hewa ya chumba haijabadilika. Ulichokinga ni mnururisho kutoka juu. Ondoa kadibodi, utahisi paji la uso likipata moto tena.

Dawa, basi, ni kuweka kitu kati yako na mabati: dari ya aina yoyote, hata ya magunia yaliyoshonwa yakavutwa vizuri, mradi pabaki nafasi ya hewa juu yake na matundu pande mbili ili hewa ya moto itoke. Karatasi ya alumini inayong'aa ikitandazwa chini ya mabati, pasipo kugusana na dari, husaidia sana kwa sababu uso unaong'aa hunururisha kidogo. Ikigusana na vitu pande zote mbili imegeuka chuma cha kupitisha joto tu, na pesa zimekwenda.

Kupaka mabati rangi nyeupe kunasaidia? Si yale mapya tayari yanang'aa?

Kunasaidia. Mabati mapya hurudisha mwanga mwingi wa jua, lakini joto dogo yanalolimeza hayalitoi kwa urahisi, kwa kuwa mng'ao ule ule unaozuia kuingia huzuia kutoka. Rangi nyeupe hufanya yote mawili: hurudisha mwanga na hutoa joto vizuri kuelekea angani. Tena mng'ao wa mabati haudumu karibu na chumvi ya bahari. Yakishika kutu hunyonya jua na kunururisha ndani kwa bidii.

Feni inapoza chumba?

Haipozi. Mota yake ya wati 50 au 70 inaongeza joto chumbani. Inachopoza ni wewe: inaondoa tabaka la hewa ya moto na yenye unyevu lililokuganda kwenye ngozi, na kuharakisha jasho kukauka. Ukitoka, izime.

Ila kama tabu yako ni mabati (tazama swali lake hapo juu), feni ya dari itakuletea hewa ya moto iliyojazana chini ya paa. Ya mezani, ikiwa mbele ya dirisha upande wa kivulini, ni bora kuliko hiyo.

Naishi orofa ya juu kabisa. Mbona usiku ni mbaya kuliko mchana?

Slebu. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3 chenye slebu ya sentimita 15: juu yako kuna zaidi ya tani 3 za zege. Mchana kutwa zinameza jua, na kwa unene ule joto huchukua saa kadhaa kupenya hadi upande wa chini. Likifika, wewe ndio kwanza umeswali Isha unataka kulala. Slebu hiyo ikipoa nyuzi 8 kati ya magharibi na alfajiri, na nusu tu ya joto lake ikashuka chini, ni kama wati 270 usiku kucha, sawa na balbu nne za kizamani za wati 60 zilizowashwa juu ya kitanda.

Kumwagia maji slebu jioni kunasaidia, lakini kwa bei ya maji ya bauza (lori la maji) si jambo la kila siku. Kivuli ndicho chenye faida ya kudumu: kibanda cha makuti juu ya paa, au mabati mepesi yaliyoinuliwa kidogo ili upepo upite chini yake. Zege lisiloguswa na jua halina cha kukurudishia usiku.

Nyumba za Mji wa Kale zilipoaje bila umeme?

Watu husifu sana kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Sifa ni haki, lakini nadhani imezidishwa. Ukuta mnene husaidia sana pale usiku unapopoa vikali, ukapata kulitoa joto la mchana. Machi hapa usiku hushuka hadi nyuzi 24 au 25 tu, kwa hiyo ukuta haupati kupoa vya kutosha.

Kazi kubwa, kwa maoni yangu, ilifanywa na vichochoro vyembamba ambavyo jua haliviingii ila likiwa utosini, dari za juu ambako hewa ya moto hukusanyika mbali na vichwa, na madirisha yaliyopangwa yapokee upepo wa bahari. Wanaofunga veranda kwa vioo ili wapate chumba cha ziada wameondoa mashine yenyewe wakabaki na ganda lake.

Makuti ni habari nyingine: mepesi, yamejaa hewa, hayaweki joto la kurudisha usiku, na hewa ya moto hupenya katikati yake ikatoka.

Nikiacha mlango wa friji wazi, chumba kitapoa?

Kitapata moto. Friji haiumbi baridi; inahamisha joto kutoka ndani yake hadi kwenye mabomba ya nyuma, na umeme wote inaotumia nao huishia kuwa joto humo humo chumbani. Ni kwa sababu hiyo pia isibanwe na ukuta.

## Mwili, hewa na bahari

Simu yasema nyuzi 32, mimi nahisi 40. Nani mwongo?

Hakuna. Kipimajoto cha hali ya hewa huwekwa kivulini, ndani ya kisanduku chenye matundu, na hupima hewa tu. Mwili wako unapambana pia na unyevu. Jasho hupoza likikauka, na hewa iliyokwisha kushiba maji hailipokei. Katika nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, mwili huhisi kama nyuzi 41 za mahali pakavu zaidi. Hapo hujahesabu jua lenyewe wala sitima ya feri ya Likoni yenye sakafu ya chuma chini ya miguu.

Jasho linalodondoka chini halijakupoza. Lililokauka juu ya ngozi ndilo lililofanya kazi. Kwa hiyo maji utapoteza mengi na nafuu utaipata haba. Mtu akianza kuchanganyikiwa, au mwili ukawa wa moto sana, mlowanishe, mpepee, na apelekwe hospitali mara moja.

Maji ya mtungi hupoa kwa nini, na mbona ya Garissa hupoa zaidi?

Mtungi wa udongo hutoa jasho. Kila gramu ya maji inayokauka juu yake huondoka na jouli kama 2,400, na joto hilo hutolewa kwenye maji yaliyobaki. Mtungi uliopakwa rangi ya mafuta umezibwa vinyweleo, haupozi chochote.

Mpaka wake ni unyevu. Kwa hali ile ya nyuzi 32 na asilimia 70, maji hayawezi kushuka chini ya nyuzi kama 27 hata uyaombee. Garissa hewa ni ya moto zaidi lakini kavu, kwa hiyo mtungi hushuka chini ya hapo. Weka wako penye upepo na kivuli, si pembeni ya kabati.

Buibui jeusi si linavuta joto zaidi?

Kitambaa kinavuta zaidi, ndiyo. Aliye ndani si lazima. Utafiti uliochapishwa mwaka 1980 katika jarida la Nature ulipima majoho meusi na meupe ya Wabedui jangwani, ukakuta joto la ziada linalomezwa na joho jeusi hupotea kabla ya kufika kwenye ngozi, kwa sababu hewa hupita kati ya nguo na mwili. Sharti ni upana. Buibui pana la kitambaa chepesi hupitisha upepo. La kubana, la polista nzito, halina msafara wowote ndani yake. Na Mombasa si jangwa: hapa jasho ndilo lenye shida, kwa hiyo upana una uzito kuliko rangi.

Kwa nini Machi ndio mbaya zaidi?

Jua hupita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Oktoba haichomi kama Machi kwa sababu bahari imetoka kupozwa na Kusi, upepo wa kusini. Maji hupanda na kushuka polepole (kumbuka zile jouli 4,200), kwa hiyo kufikia Machi bahari imekusanya joto la miezi kadhaa, imefika nyuzi 28 au 29, na upepo wake unakuja na fukuto. Kisha Kaskazi hupungua kabla Kusi hajashika, na zile siku za katikati zisizo na upepo ndizo watu wanazozilaani.

Mchana mchanga wa pwani unaunguza nyayo na maji ni vuguvugu tu. Usiku inageuka. Vipi?

Mchanga mkavu hupata moto kwenye tabaka jembamba la juu tu, na hautaki nishati nyingi. Chimba kidogo kwa kidole cha mguu, utakuta chini ni baridi. Bahari hulisambaza joto lake kwenye maji mengi. Mchana nchi kavu inakuwa moto kuliko bahari, hewa yake inapanda, na upepo hutoka baharini kushika nafasi. Usiku mambo hugeuka. Ni msafara ule ule wa sufuria.

## Yanayobishaniwa barazani

Blanketi juu ya barafu si litaiyeyusha?

Litaichelewesha. Blanketi halina joto lake; linazuia tu kupita, kuelekea upande wowote. Wewe ukijifunika, linazuia joto lako lisitoke. Barafu ikifunikwa, linazuia la nje lisiingie. Wauza samaki hufunika barafu kwa magunia kwa sababu hiyo. Tena si barafu kidogo ya kupuuza: kilo moja hutaka jouli 334,000 kuyeyuka, bila hata kupanda uzi mmoja. Ila gunia lisilowe chapachapa. Sababu ni ile ya kitambaa cha kuepulia.

Chupa ya chai inajuaje kuweka moto na pia kuweka baridi?

Haijui. James Dewar aliibuni mwaka 1892 ili kuhifadhi gesi zilizopozwa hadi kuwa kimiminika. Kati ya kuta mbili hamna hewa, basi mpitisho na msafara hazina pa kupita; mng'ao wa ndani unapunguza mnururisho. Kinachobaki kuvujisha ni kizibo.

Ni kweli maji ya moto huganda kabla ya maji baridi?

Hili ni la kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba huko Tanganyika, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa moto kwenye friza, akaona umeganda kabla ya ule uliopozwa. Alichekwa. Baadaye alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Mjadala haujaisha. Maelezo yanayotolewa ni mengi: maji ya moto hupungua kwa kuvukiza, msafara wake ni tofauti, chombo cha moto huyeyusha sakitu ya friza kikagusana vizuri na chuma cha baridi. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu wakasema hawakuona ushahidi wa kuridhisha, na kwamba hata mahali pa kuweka kipimajoto ndani ya chombo panaweza kubadilisha jibu. Ukijaribu nyumbani, tumia vyombo viwili vinavyofanana, kiasi kile kile cha maji, na ukubaliane na wenzako kabla: "kuganda" ni tone la kwanza la barafu, au chombo kizima? Bishano nyingi huzaliwa hapo.

Mbona mabati hulia ta-ta-ta asubuhi na jioni?

Yanatanuka na kusinyaa. Bati la mita 3 likipanda kutoka nyuzi 25 hadi 65 hurefuka karibu milimita moja na nusu. Misumari inalizuia, linavutana nayo, kisha linaachia ghafla. Kila siku msumari hulitanua tundu lake kidogo, ndiyo maana paa lisilovuja mwaka wa kwanza huanza kuvuja misumarini baadaye. Fundi atumie misumari yenye kofia na mpira chini yake, na aipigilie juu ya mgongo wa mkunjo, si kwenye bonde ambalo maji hupita.